Raga ya Ellis Park na deni la mwaka wa 1976

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 2026, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, itaikaribisha ile ya New Zealand, All Blacks, katika uga wa Ellis Park jijini Johannesburg. Hiyo itakuwa mechi ya kwanza kati ya nne. Ya pili itachezewa Cape Town tarehe 29 Agosti, na ya tatu itarejea Johannesburg tarehe 5 Septemba, katika uga wa FNB ulio mlangoni mwa Soweto. Ya nne itasakatwa ng'ambo, mjini Baltimore, Marekani, tarehe 12 Septemba. Kabla na katikati ya mechi hizo, wageni watapambana pia na timu za Stormers, Sharks, Bulls na Lions. All Blacks hawajafanya ziara ndefu ya namna hii Afrika Kusini tangu mwaka wa 1996.

Waandaaji wameipa ziara hii jina la Kiingereza lenye maana ya ushindani mkuu kupita wote katika raga. Ni jina zuri la kuuzia tikiti. Hata hivyo, mtu ambaye kazi yake ni isimu hawezi kuliacha jina lipite bila kulipapasa. Niliwaomba wanafunzi wangu walitafsiri. Baadhi walisema 'ushindani', wengine 'upinzani', na mmoja akapendekeza 'utani', akikumbuka jinsi majirani zetu wa Tanzania wanavyowaita Simba na Yanga watani wa jadi. Wengi walichagua 'uhasimu', maana ndivyo kurasa zetu za michezo zilivyotuzoesha kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards.

Neno hasimu tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako huweza kumaanisha mtu mnayeshindana naye mbele ya hakimu. Tafsiri hiyo iliniridhisha, kwa kuwa kati ya mataifa haya mawili palikuwa na kesi kweli, na sisi Wakenya tuliwahi kuingia katika kesi hiyo na kulipa gharama yake. Nilipowauliza wanafunzi ni kesi gani, hakuna hata mmoja aliyejua. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kesi yenyewe ilihusu rangi ya ngozi. New Zealand ina wenyeji wake, Wamaori, ambao wameipa raga ya nchi hiyo baadhi ya wachezaji wake hodari. Lakini All Blacks walipozuru Afrika Kusini mwaka wa 1949, na tena mwaka wa 1960, Wamaori waliachwa nyumbani ili wenyeji wasiudhike. Ziara iliyokusudiwa mwaka wa 1967 ilivunjwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka wa 1970 utawala wa Makaburu ulilegeza kamba kidogo. Wachezaji wenye asili ya Kimaori na Kisamoa waliruhusiwa kuingia, lakini kwa sharti la kuhesabiwa kuwa 'weupe wa heshima'. Msomaji na ayatafakari maneno hayo matatu. Mtu aliheshimiwa kwa kuvuliwa asili yake, naye akatarajiwa ashukuru.

Mwaka wa 1973 ilikuwa zamu ya Springboks kuzuru New Zealand. Waziri Mkuu Norman Kirk aliizuia ziara hiyo. Kufikia wakati huo nchi za Kiafrika zilikuwa zimetishia kususia Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyopangiwa mji wa Christchurch, huko huko New Zealand, mapema mwaka wa 1974. Ziara ilipozuiwa, Waafrika wakaenda. Matunda ya uamuzi huo yalionekana katika mbio za mita 1,500, ambapo Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa karibu, naye Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Hadi leo wapenzi wa riadha huzitaja mbio hizo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba huenda zisingekuwapo kama mechi za raga hazingefutwa kwanza.

Miaka miwili baadaye mambo yalipinduka. Serikali mpya ya New Zealand, chini ya Robert Muldoon, ilikataa kuingilia kati, na All Blacks wakaanza safari ya kwenda Afrika Kusini katikati ya mwaka wa 1976. Walifika katika wakati mbaya kupita kiasi. Tarehe 16 Juni mwaka huo wanafunzi wa Soweto walikuwa wameandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, nao polisi wakawamiminia risasi. Nafundisha lugha, na kila mwaka tarehe hiyo hunikumbusha kwamba watoto wamewahi kufa kwa kuuliza swali ambalo sisi hulijadili tukiwa tumeketi vitini: ni lugha gani ifundishiwe, na nani aamue? Damu ilikuwa haijakauka mitaani wakati mpira wa raga ulipoanza kurushwa.

Nchi za Kiafrika ziliitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iizuie New Zealand kushiriki Michezo ya Montreal, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1976. Kamati ilijibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, kwa hivyo haikuwa na la kufanya. Zaidi ya mataifa 20 yakajiondoa, Kenya na Tanzania zikiwamo. Msimamo wa serikali yetu ulikuwa kwamba kanuni ni bora kuliko medali.

Hebu tutazame kilichoachwa Montreal. Kenya ilikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 400 za kupokezana vijiti, taji lililonyakuliwa Munich mwaka wa 1972, na taji hilo likapotea bila kutetewa. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich, alikuwa katika miaka yake bora. Mbio hizo alizishinda Alberto Juantorena wa Cuba kwa rekodi ya dunia, na swali la iwapo Boit angemtoa kijasho halitapata jibu kamwe. Bayi na Walker hawakukutana. Walker alitwaa dhahabu ya mita 1,500, na hakuna wa kumlaumu. Naye Henry Rono, ambaye mwaka wa 1978 alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81, alikosa Montreal, kisha akakosa Moscow mwaka wa 1980 Kenya iliposusia tena, kwa sababu nyingine. Alifariki mwaka wa 2024 bila kukimbia katika Olimpiki hata mara moja.

La kuzingatia zaidi ni kwamba watu hao walikuwa wanariadha wa ridhaa. Sheria za wakati huo hazikuwaruhusu kulipwa, kwa hivyo medali ndiyo iliyokuwa mshahara na kiinua mgongo chao. Uamuzi wa kususia ulifanywa na serikali, na gharama ikalipwa na vijana ambao hawakuwa na kura katika kikao chochote.

Je, gharama hiyo ilikuwa na faida? Wapo wanaosema tulijikata pua ili kuuadhibu uso. Wanatukumbusha kwamba All Blacks hawakurudi nyumbani, bali walicheza mechi zao zote na kushindwa tatu kati ya nne za kimataifa, ya mwisho ikiwa papo hapo Ellis Park kwa 15 kwa 14. Isitoshe, mwaka wa 1981 Springboks walizuru New Zealand kana kwamba Montreal haikutokea. Hoja hiyo ina uzito, lakini imesimama kwa mguu mmoja. Mwaka wa 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, New Zealand ikiwamo, walikubaliana huko Gleneagles, Scotland, kukatisha tamaa uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. Na ziara ya mwaka wa 1981 haikuwa kama zile zilizotangulia. Raia wa New Zealand wenyewe waliandamana kwa maelfu, mechi ya Hamilton ikafutwa baada ya waandamanaji kuingia uwanjani, na familia zikagawanyika. Mwaka wa 1985 mahakama ya nchi hiyo hiyo ilizuia ziara nyingine ya All Blacks. Siwezi kudai kwamba Wakenya ndio waliosababisha yote hayo. Nadai tu kwamba baada ya Montreal hakuna mtu New Zealand aliyeweza kusema hakujua.

Afrika Kusini ilirejea katika raga ya kimataifa mwaka wa 1992, na mgeni wa kwanza Ellis Park alikuwa All Blacks, aliyeshinda 27 kwa 24. Tarehe 24 Juni 1995 wakakutana pale pale katika fainali ya Kombe la Dunia. Katika muda wa ziada Joel Stransky aliudondosha mpira, akaupiga ulipogusa nyasi, nao ukapita katikati ya milingoti: 15 kwa 12. Rais Nelson Mandela, aliyekuwa amevaa jezi ya Springboks nambari 6, akamkabidhi nahodha François Pienaar kombe. Miezi miwili baadaye, tarehe 26 Agosti 1995, wakuu wa raga duniani walitangaza kwamba mchezo huo sasa ni wa kulipwa. Ndiyo sababu leo mechi inaweza kusafirishwa hadi Baltimore, mji usio wa timu yoyote kati ya hizi mbili, ikitafuta watazamaji wapya katika nchi itakayoandaa Kombe la Dunia mwaka wa 2031. Silalamiki. Mchezaji ana haki ya kula jasho lake. Ninachosema ni kwamba waliokosa hata nishani kwa ajili ya raga hii wanastahili walau kutajwa inapovuna.

Na sasa tuje kwenye mechi yenyewe, kwani hapana shaka itakuwa ya kukata na shoka. Afrika Kusini imetwaa Kombe la Dunia mara nne, New Zealand mara tatu. Fainali ya mwaka wa 2023 jijini Paris iliamuliwa kwa alama moja, 12 kwa 11, mikwaju minne ya Handré Pollard ikilishinda trai moja la Beauden Barrett. Mnamo Septemba 2025 All Blacks walishinda 24 kwa 17 Auckland, na wiki moja baadaye wakacharazwa 43 kwa 10 Wellington, kipigo kikubwa zaidi katika historia yao. Hata Ellis Park si ngome isiyobomoka. New Zealand ilishinda hapo mwaka wa 2022, na Afrika Kusini ikalipiza mwaka wa 2024 kwa 31 kwa 27.

Nikilazimishwa kubashiri, nitasema Springboks. Johannesburg iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mgeni huanza kuhema katika robo ya mwisho. Hapo ndipo kocha Rassie Erasmus hupenda kuwaingiza wachezaji wa akiba wenye miili mikubwa ili skramu iendelee kusukuma kana kwamba mechi ndiyo kwanza imeanza. Tumaini la wageni ni kuucheza mpira kwa kasi mapema na kuwaadhibu wenyeji kila wanapoupoteza.

Iwapo Siya Kolisi atakuwa mzima na kuongoza kikosi, mtazamaji na amkumbuke kwa jambo moja. Alizaliwa tarehe 16 Juni 1991, miaka 15 kamili baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Mwaka wa 2018 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks katika mechi ya kimataifa. Wale waliobaki bila medali mwaka wa 1976 hawakumjua, lakini walimfanyia kazi.

Mwaka huu wa 2026 ni wa hamsini tangu Soweto, ziara ile na Montreal. Raga nayo sasa ni mchezo wa Olimpiki. Wachezaji wetu, wanaume kwa wanawake, walishiriki ile ya wachezaji saba kila upande huko Rio mwaka wa 2016. Kisingizio cha mwaka wa 1976 kimekufa chenyewe. Ningependa kuona wakuu wetu wa riadha na wa Olimpiki wakiiandika orodha kamili ya wanamichezo waliokuwa wameteuliwa kwenda Montreal, wakawaita walio hai mbele ya umma, na kuzikabidhi familia za waliokwisha tangulia mbele ya haki hati ya shukrani. Walimu nao wana nafasi ya kulieleza somo hili, na watangazaji wetu watakuwa na dakika nyingi za kujaza kabla ya kipenga cha kwanza.

Mimi nitaitazama mechi pamoja na wanafunzi wangu. Safari hii, mmoja akiniuliza mahasimu hawa waligombania nini, sitaanza na Ellis Park. Nitaanza na vijana wa Kenya waliofunga mizigo wakarudi nyumbani kabla ya mbio zao kuanza.