Hatujifungii Tena: Ilani ya Wazee

Sisi wazee wa Tanzania, pamoja na wanaotufulia na kutulea, tunatamka hadharani: mkojo unatutoka bila kupenda, na jambo hili hatulifichi tena.

Tumeambiwa ni uzee tu. Tunakataa. Tatizo hili lina sababu, na nyingi zina tiba: misuli ya nyonga iliyolegezwa na uzazi, tezi dume iliyotanuka, kisukari, maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, hata dawa za presha za kukojoza, ambazo daktari angeweza kubadilisha saa ya kuzimeza. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya nyonga. Kaza kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia; rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Bibi anaweza kuyafanya huku akichambua mchele. Kwa nini hakufundishwa?

Aliona haya kusema, na hakuna aliyemuuliza. Badala yake amepunguza maji ya kunywa. Mkojo umekuwa mkali, kibofu kimezidi kusumbua, choo kimekauka. Msibani haendi, maana basi la mkoani husimama kuchimba dawa vichakani, na mwenye magoti mabovu atachutamaaje huko? Babu naye ameacha msikiti akihofia najisi. Hili linatuuma kuliko yote, kwa kuwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, yalishampa ruhusa mwenye udhuru huu: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati wa sala ukishaingia, aswali. Masheikh wetu, lisemeni mimbarini kwa sauti.

Dirisha la wazee lipo katika hospitali za umma. Tunataka kila mzee anayepita hapo aulizwe faraghani, si mbele ya mkwewe: mkojo unakusumbua? Na muuguzi ajue la kufanya akijibiwa ndiyo.

Enyi watoto wetu, msitunyime maji wala kutukaripia mbele ya wajukuu. Tupeni chumba cha karibu na choo, na taa usiku.

Mikutano yetu itafanyika mahali penye choo safi jirani na mlango. Chai itakuwapo, na atakayehitaji kutoka atatoka bila kuomba ruhusa.