Ramani kwenye wingu, mkongo ukikatika je?

Wadau, kuna hoja inavuma: ofisi za mipango miji zisinunue kompyuta zenye kadi kali za picha, bali zikodi za mbali. ArcGIS Pro inaendeshwa huko kwenye seva, wewe unaletewa picha tu. Kwa upande wa gharama, hoja ina mashiko.

Ila kila ukisogeza ramani, amri inasafiri mpaka kwenye seva, tuseme Johannesburg, ndipo picha irudi. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, intaneti Tanzania ikawa kizaazaa. Siku kama hiyo Jangwani ikifurika, ramani utaifungulia wapi?

Mimi nasema tukodi, sawa, lakini nakala za data na QGIS, ambayo ni ya bure, zibaki kwenye mashine zetu. Au mnasemaje?