Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Mwezi uliopita tulitimiza miaka 40 ya ndoa, na kijana wetu afanyaye kazi Atlanta akatuzawadia siku mbili katika hoteli ya fahari mtaani Buckhead. Kwanza tulikataa. Mwalimu mstaafu hajazoea kulala mahali ambapo bei ya usiku mmoja yaweza kuilisha nyumba kwa wiki mbili. Lakini zawadi ya mtoto hairudishwi. Tukafunga mizigo pamoja na kopo letu, kwani vyoo vya huku, hata vikiwa vya marumaru, mara nyingi havina maji ya kujitoharishia.

Buckhead iko kaskazini ya jiji. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na kichwa cha kulungu dume kilichotundikwa karibu na duka na baa ya Henry Irby, aliyenunua ardhi hapo mwaka 1838. Mwaka 1952 jiji la Atlanta liliuingiza mtaa huo ndani ya mipaka yake. Hii leo ndipo yalipo makazi ya Gavana wa Georgia, maduka makubwa ya Lenox Square, na majumba yaliyojificha nyuma ya miti.

Tulipofika, vijana wenye sare walichukua gari na masanduku. Tukabaki mikono mitupu, hatujui pa kuiweka. Chumbani mlikuwa na kitanda kimoja na mito sita. Tukatafuta kibla, upande wa kaskazini-mashariki, tukatandika miswala yetu baina ya kitanda na dirisha, tukamshukuru Mola.

Jioni mama watoto alisimama ukumbini akiingoja lifti, amejitanda mtandio wake. Bibi mmoja, mgeni kama sisi, akamtajia nambari ya chumba chake na kumwomba ampelekee taulo mbili zaidi. Mama watoto akamjibu kwa upole kwamba naye ni mgeni. Yule bibi uso ukamwiva, akaomba radhi.

Ukumbini jambo likaisha, chumbani halikwisha. Mama watoto alinyamaza, nasi tukaghadhibika kwa niaba yake. Tukakumbuka kwamba katika jiji hili hili palikuwa na Heart of Atlanta Motel, yenye vyumba 216, iliyokataa kuwalaza watu weusi. Sheria ya Haki za Kiraia ilipotiwa saini tarehe 2 Julai 1964, mwenye hoteli hiyo alikwenda mahakamani kuipinga. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba sheria ni halali, na mlango lazima ufunguliwe. Baada ya miaka yote hiyo, mwanamke mweusi akisimama penye lifti bado hudhaniwa kuwa amekuja kuleta taulo! Tukasema kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, "Sisi si watumishi!"

Asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, na nyuma yake kigari cha mashuka. Alikuwa ametusikia tukizungumza. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Munasema Kiswahili?" Ni Mkongo wa Kivu ya Kusini, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na huko ndiko alikojifunza kuamkia kwa shikamoo. Sasa anakaa Clarkston, mji mdogo mashariki ya Atlanta uliopokea wakimbizi wa mataifa mengi. Hutoka kwake kabla ya alfajiri, akapanda basi, kisha treni.

Mama watoto akamkaribisha akae. Akatazama mlango, akasema, "Mama, ningali na vyumba kumi na vine." Hapo mama watoto akashika ncha ya pili ya shuka. Wakatandika pamoja, wakiulizana habari za watoto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakuingoja siku ya tatu.

Sisi tulikaa kitini, na maneno yetu ya jana yakaturudia. Kosa la yule bibi lilikuwa kumpima mtu kwa rangi na vazi lake, nalo ni kosa kweli. Lakini sisi tuliongeza letu: tuliifanya kazi yenyewe kuwa tusi. Tulisahau kwamba tulipofika nchi hii mama watoto alifagia ofisi usiku kwa miaka mitatu, na kwamba ujira ule ndio uliomsomesha kijana aliyetulipia hoteli. Wangapi kati yetu wasomaji hawakuosha vyombo, hawakutandika vitanda vya wengine, hawakuwaogesha wazee wa watu ili ada ya shule ipatikane na nyumba ijengwe kwetu?

Basi tuna mawili ya kuwausia. Kwanza, mkilala hotelini acheni bakshishi kila asubuhi, wala msingoje siku ya kuondoka, kwani aliyesafisha leo huenda kesho asiwe zamu. Tumefunzwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Pili, waelezeni watoto wenu wazi kazi mlizozifanya mlipofika. Mtoto asiyejua shuka lilitandikwa na nani atakuja kumdharau mama yake bila kujua.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu Buckhead hakuwa mwenye hoteli. Alikuwa yule mama wa Kivu, na tulipoondoka tulimwomba radhi kwa neno ambalo yeye hakulisikia. Alicheka, akasema tumsalimie kijana.