Plagi Kuingia Si Hoja

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia huvuka bahari kufuata vipuri vya malori Gerezani. Anunuaye manifoldi ya kuingizia hewa hutazama matundu ya boliti, yakilingana, hulipa. Hapo ndipo hasara ianzapo.

Injini za kisasa huongozwa na kompyuta. Sensa, yaani vihisi vilivyofungwa kwenye manifoldi, huipasha habari za shinikizo na joto la hewa, nayo hupima dizeli kwa habari hizo. Sensa mbili zaweza kuingia plagi moja na kutoa vipimo tofauti. Fundi akikata nyaya na kuziunga kwa kukisia, kompyuta hudanganyika: lori hufuka moshi mweusi, hukosa nguvu na kula mafuta. Na kurudisha kipuri ni kuvuka bahari tena.

Mnunuzi hana budi kuja na manifoldi kuukuu pamoja na sensa zake, alinganishe namba na pini. Sensa nzima za zamani zikikaa barabara, zihamishwe. Muuzaji aandike namba hizo katika stakabadhi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, iwafikishie mafundi wa Gerezani mafunzo ya umeme wa magari. Jasho la mvuja jasho lisipotee kwa kukisia.