Em-a-em-a haiwezi kuwa 'mama': Watoto wetu si wavivu, hatujawafunza kusoma

Jumapili moja jioni mama jirani alinigongea mlango akiwa na kijana wake wa Gredi ya 4. Alitaka nimsaidie na kazi ya ziada. Kwenye ploti yetu mimi ndiye "msomi", hata kama chuo niliacha mwaka wa pili. "Huyu ni mvivu tu, kitabu hataki kabisa," mama akalalamika, kijana amesimama pale pale akiangalia viatu vyake.

Akafungua kitabu cha Kiingereza, akasoma sentensi nzima bila kukwama: mbwa anakimbiza mpira. Nikasema poa, shida iko wapi? Halafu nikafunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja tu, lile la mwisho. Kimya. Nikarudi kwa neno la pili. Kimya. Kumbe ukurasa wote alikuwa ameukariri, na picha ndiyo ilikuwa ikimkumbusha.

Nikahamia Kiswahili, nikaandika "mama" kwenye karatasi. Akaweka kidole kwa kila herufi: "Em... a... em... a." Ukiziunganisha zinasema nini? Akafikiria kidogo. "Ni 'ema', anko?"

Tuseme ukweli, huyu mtoto si mvivu. Alitumia akili yake yote kwa zana alizopewa. Alifunzwa majina ya herufi, hakufunzwa sauti zake. "Em" ni jina. Sauti ni ile unayotoa midomo ikiwa imefungwa, mmm. Mmm na aaa zinakupa "ma". Em na a hazikupi kitu, hata ukikaa nazo mpaka Gredi ya 9.

Wala simcheki, kwa sababu mimi pia nilipitia hapo. Shule niliyosomea, mwalimu alikuwa anasoma, nasi zaidi ya sabini tunaitikia kama kwaya. Nilikuwa na sikio zuri, kwa hivyo nilionekana najua. Kusoma kwenyewe nilikuja kukushika darasa la 5, kupitia maandishi ya matatu na kurasa za spoti. Chuo niliacha kwa sababu ya karo, hiyo ni kweli. Lakini kuna kitu huwa sisemi: noti za kurasa 30 zilinichosha kuliko wenzangu, na kila wiki nilikuwa nyuma.

Kelele ziko Gredi ya 10, shida iko Gredi ya 1

Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la CBC lilipoingia sekondari pevu, nchi nzima imepiga kelele. Nani ameitwa shule gani, nani amewekwa STEM na shule haina maabara, karo ya bweni itatoka wapi. Ni maswali halali kabisa. Ila hakuna mtu anapiga kelele kuhusu mtoto wa Gredi ya 2 ambaye hawezi kusoma jina la shule yake getini, na huyo ndiye atakuwa Gredi ya 10 mwaka wa 2034.

Si hadithi za mtaa wangu tu. Katika muongo uliopita, watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba kote Kenya wakiwapa watoto kazi ya darasa la 2. Ripoti baada ya ripoti ilileta jibu karibu lile lile: kati ya watoto 10 wa darasa la 3, ni kama 3 tu walioiweza. Benki ya Dunia ilisema mwaka wa 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi. Kwa hivyo hatuko peke yetu. Lakini kuwa wengi shimoni hakufanyi shimo liwe nyumba.

Sayansi inasema nini?

Kuongea mtoto hushika mwenyewe, kwa kusikia tu. Kusoma hapana. Maandishi ni uvumbuzi wa juzi ukilinganisha na umri wa binadamu, na ubongo hauna sehemu iliyozaliwa tayari kwa kazi hiyo. Lazima ufunzwe kuunganisha alama za karatasi na sauti ambazo mtoto tayari anazijua mdomoni. Ndiyo maana kumwachia mtoto kitabu chenye picha nzuri na kungoja "atazoea" ni kucheza kamari.

Marekani walibishana juu ya hili kwa miaka. Jopo lao la kitaifa la usomaji lilitoa ripoti mwaka wa 2000, na tangu hapo mambo matano ndiyo hutajwa: kusikia sauti zilizo ndani ya neno, kuunganisha sauti na herufi, kusoma bila kukwama, msamiati, na kuelewa unachosoma. Yote matano hufunzwa waziwazi, hatua kwa hatua, kuanzia rahisi kwenda ngumu.

Hiyo ya kusoma bila kukwama wengi huipuuza, na ndiyo ilinimaliza mimi. Fikiria mtu anayejifunza kuendesha gari. Akiwa bado anatafuta gia, huwezi kumwambia stori akaielewa. Mtoto anayepambana na kila herufi ni hivyo hivyo: akifika mwisho wa sentensi, mwanzo ameshausahau. Ndiyo maana wataalamu hupima hata idadi ya maneno ambayo mtoto anasoma sawasawa kwa dakika moja.

Na hapa sisi tuna bahati ambayo Waingereza hawana. Kiswahili huandikwa kinavyosikika. Irabu ni tano, na "a" ni "a" iwe Mombasa ama Kakamega. Mtoto akijua sauti, pamoja na zile za herufi mbili kama ch, sh, ny na ng', anaweza kusoma karibu neno lolote. Kiingereza je? Angalia "though", "through" na "cough", halafu uniambie "ough" inasomwaje. Kumwanzisha mtoto kusoma kwa Kiswahili ama lugha ya nyumbani si kurudi nyuma, ni kumpa ngazi. Lakini kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi yanaingia Kiingereza, kwa hivyo asiyekuwa amepanda ngazi kufikia hapo anabaki chini akitazama wenzake.

Tulishafanya, na ikafanya kazi

Kinachoniuma ni kwamba Kenya haihitaji kuvumbua kitu. Mwaka wa 2011 Wizara ya Elimu ilianza majaribio ya PRIMR. Yalipoonyesha matunda, mwaka wa 2015 ikaja Tusome, ikasambazwa katika shule zaidi ya 20,000 za umma. Kila mtoto alipata kitabu chake, hakuna kuchungulia cha mwenzako. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, ukianzia na sauti za herufi. Maafisa wa mtaala walipewa tableti, wakaenda darasani kumtazama mwalimu akifunza, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kumpa mwalimu ushauri. Tathmini zikaonyesha watoto wa madarasa ya chini wanasoma maneno mengi zaidi kuliko waliowatangulia. Wataalamu wa nchi nyingine wakawa wanaitaja Kenya kama mfano.

Sasa doo ilitoka wapi? Nyingi zilikuwa za USAID. Mradi una tarehe ya kuisha, na katikati ya 2025 USAID yenyewe ikafungwa. Kitabu cha mtoto wa Gredi ya 1 hakimalizi miaka mingi kabla hakijararuka. Afisa asiye na nauli hafiki darasani. Mwalimu mpya ambaye hajafunzwa mbinu hii atafunza vile yeye alivyofunzwa: em, a, em, a.

Kuna wanaosema mwongozo wa kila somo unamfanya mwalimu kuwa roboti. Naelewa. Mwalimu mzoefu anafaa kuwa huru kuubadilisha. Lakini mwalimu mwenye watoto 70 hana muda wa kubuni kila somo kutoka sifuri, na mwongozo mzuri humpunguzia mzigo. Wengine watasema shida ni umaskini na njaa, si mbinu. Umaskini ni kweli upo. Ila jimbo la Mississippi ni kati ya maskini zaidi Marekani. Mwaka wa 2013 lilikuwa nambari 49 kitaifa kwa usomaji wa darasa la 4. Mwaka huo huo likapitisha sheria, likafunza walimu sayansi ya kusoma na kupeleka wakufunzi katika shule dhaifu. Kufikia 2024 lilikuwa nambari 9. Umaskini haukuisha, lakini watoto walisoma.

Tudai nini?

Gava ikisema hakuna pesa, tuulize bei ya kumfunza upya mtu mzima. Hakuna siri katika kinachotakiwa: kitabu kwa kila mtoto wa Gredi ya 1 hadi 3 kikilipiwa na bajeti yetu wenyewe, si ya mfadhili, vyuo vya ualimu vifunze mbinu ya sauti kama somo la lazima, TSC iwape maafisa wa mtaala nauli na muda wa kukaa darasani, na kila mtoto asikilizwe akisoma kwa dakika moja kabla hajatoka Gredi ya 2, si ili arudishwe nyuma, ni ili asaidiwe mapema. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti, kwa hivyo swali la sauti za herufi ni la MCA wako pia.

Na wewe ambaye huna mtoto bado, una mdogo wako ama mpwa. Leo jioni mpe kitabu chake, funika picha, mwonyeshe neno moja. Akinyamaza, usimwite mvivu. Nenda mkutano ujao wa wazazi umuulize mwalimu mkuu swali moja: hapa mnafunza majina ya herufi ama sauti zake?

Yule kijana huja kwangu dakika kumi kila jioni sasa. Bado anasoma polepole, na Kiingereza kinamtesa. Lakini juzi, tukipita dukani, alisimama mbele ya bango, akatoa sauti moja moja, mpaka "maziwa" ikatoka nzima. Mamake hajaniambia tena kwamba ni mvivu.