Wanafunzi wa Visiwani Wapelekwe Kilimanjaro

Kila mtoto wa Unguja na Pemba aliyekaa darasani anaweza kutaja urefu wa Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Anajua pia kwamba Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge kileleni. Lakini ni wangapi kati yao waliokwisha kuuona mlima wenyewe? Twaamini ni wachache mno, na hali hiyo haifai kuachwa iendelee.

Wengi hudhani kwamba Kilimanjaro ni kazi ya mashujaa, ya siku tano au sita na fedha nyingi. Kwa anayetaka kufika kileleni, hayo ni kweli. Ipo, hata hivyo, safari ya siku moja inayomfaa mtu ambaye hajapata kupanda hata kilima. Huanzia lango la Marangu, chini kidogo ya mita 1,900, na kuishia kambi ya Mandara, mita 2,720. Njia ni ya kilomita nane hivi, nayo hupita ndani ya msitu mbichi, wenye ukungu na miti iliyofunikwa kuvumwani. Humo wamo mbega weusi wenye manyoya meupe, ndugu wa kima punju wetu wa Jozani, na hapo chini huota ua dogo jekundu liitwalo Impatiens kilimanjari, lisilopatikana penginepo duniani. Karibu na Mandara pana kreta ya Maundi. Mawingu yakifunguka, mtu akiwa ukingoni mwake hukiona Kibo na barafu yake. Hataigusa theluji, lakini ataiona kwa macho yake.

Nayo barafu hiyo haitungoji. Mwaka 1912 ilienea kilomita za mraba zipatazo 11. Mwaka 2011 hazikufika 2. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya milima ya Afrika huenda ikatoweka ifikapo 2050. Mtoto aingiaye darasa la kwanza hivi leo atakuwa bado kijana wakati huo.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa elimu, mikoani na wilayani, waitie safari hii katika mipango yao. Hifadhi hii ni mali ya taifa, na mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Gharama kubwa ni boti, basi la kwenda Moshi na malazi; haya si mambo ya kuwashinda walimu, wazazi na halmashauri wakishirikiana.

Jambo moja tusilifanyie mzaha. Asipelekwe mtoto na malapa na fulana, kama aendaye pwani. Msitu ule una baridi na mvua isiyo na taarifa; sweta, koti la mvua na viatu vya kufunga havina budi. Mwongozaji awe mwenye leseni, na atakayeumwa kichwa au kutapika ateremshwe mara moja, wala asiambiwe ajikaze. Mwendo uwe wa polepole, neno letu ambalo wageni wa mataifa yote hufunzwa mlimani hapo.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye ukavu. Shule zitakazotaka kwenda wakati huo zianze kuandikisha wanafunzi na kukusanya masweta mapema.