Oktani Si Nguvu, na Mwanabodaboda Asitozwe Kana Kwamba Ni Nguvu

Kuna uongo unaouzwa mjini Machakos kwa lita, na umeachwa muda mrefu mno bila kukemewa. Uongo wenyewe ni kwamba pikipiki ikitiwa petroli ya oktani ya juu hupata nguvu, hupanda mlima kwa wepesi na kula mafuta kidogo. Husemwa na mhudumu wa pampu anayetaka kuuza mafuta ya bei ghali, hurudiwa na muuza spea mwenye vichupa vya kuongeza oktani rafuni, kisha huaminiwa steji na kijana ambaye mapato yake ya siku humalizwa na tangi na mkopo wa pikipiki.

Uamuzi wetu ni huu: kwa Boxer, TVS na wenzao wa injini ya CC 100 hadi 150 wanaobeba watu wetu Masii, Tala na Matuu, petroli ya kawaida, yaani Super, inatosha. Anayemwambia mwenye pikipiki hiyo vinginevyo ama haijui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Oktani haipimi nguvu. Hupima uvumilivu wa petroli inapobanwa. Pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kwa mpangilio kutoka hapo. Petroli isiyo na uvumilivu hulipuka yenyewe pembeni kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndipo husikika ule mlio wa chuma kugongagonga ambao mafundi wetu huutambua mara moja. Kipimo kilibuniwa Marekani miaka ya 1920 kwa kulinganisha petroli na vimiminika viwili: iso-oktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Kwa hiyo petroli ya 95 haina moto mkali kuliko ya 93. Inachelewa tu kujilipukia. Boda nyingi hubana mchanganyiko wao takriban mara tisa, au zaidi kidogo. Pikipiki ya kasi kama KTM 390 Duke hupita mara 12. Hiyo ya pili ina haja ya oktani ya ziada, na kitabu chake kikisema 95, mwenyewe atii na alipe. Kumnunulia Boxer mafuta hayo ni kumvisha punda viatu.

Kiwango cha Kenya kinataka Super iwe na oktani isiyopungua 93 kwa kipimo cha RON. Wenye pikipiki wanaosaka ushauri kwenye intaneti wajihadhari hapa, kwa maana Wamarekani huandika kwenye pampu zao wastani wa vipimo viwili. Namba yao ya 87 ni karibu 91 au 92 kwa kipimo chetu. Anayesoma kwamba pikipiki yake inataka 91, bila kuuliza ni 91 ya nani, anaweza kukosea upande wowote. Kitabu kilichokuja na pikipiki ndicho hakimu, wala si mwendeshaji wa Texas.

Machakos yenyewe inaongeza hoja ambayo wauzaji wa namba hawaitaji kamwe. Mji huu uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, silinda haijai kama inavyojaa pwani, na shinikizo likipungua haja ya oktani hupungua pia. Ndiyo sababu baadhi ya majimbo ya milimani Marekani yamezoea kuuza petroli ya oktani ya chini kuliko sehemu nyingine za nchi hiyo. Ikiwa Boxer inayohangaika Likoni, Mombasa, usawa wa bahari na juani, inaridhika na Super, ile ya vilima vya Mua inadai nini zaidi?

Mara nyingi inachodai ni gia. Tazama boda inayopanda vilima vya Iveti na abiria wawili na gunia, dereva akiwa bado kwenye gia ya juu kwa kudhani anaokoa mafuta. Injini inalemewa, inazunguka polepole chini ya mzigo mzito, inaanza kugonga, naye analaumu petroli. Ashushe gia. Ikiendelea kugonga, fundi atazame masizi yaliyoganda juu ya pistoni, plagi isiyo ya aina yake, na muda wa cheche. Kugonga kwa namna hiyo hutibiwa kwa spana, na gharama yake hulipwa mara moja, si kila asubuhi kwenye pampu.

Tusisahau pia mafuta haya yanakotoka. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo petroli yote huja ikiwa tayari imesafishwa. Tangu 2023 sehemu kubwa huletwa kwa makubaliano ya serikali na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, huchanganyikana katika matangi na bomba la Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya (KPC), kisha kila kampuni hupakia sehemu yake. Super ya kituo chenye taa za kupendeza na ya kituo cha vumbini zimetoka meli moja. Kinachotofautiana ni viungo vya kusafishia injini ambavyo kampuni huongeza, pamoja na uaminifu wa mwenye kituo.

Na huo uaminifu ndio kesi yenyewe. Mwanabodaboda wa kaunti hii hauawi injini na upungufu wa namba mbili za oktani. Injini yake huuawa na mafuta ya taa. Mafuta hayo yana uvumilivu mdogo mno wa kubanwa, hivyo kiasi kidogo tu kikitiwa ndani ya Super huishusha oktani, huacha moshi na masizi, na mabaki yasiyoungua huteremka kuilegeza oili. Gari jipya huenda lina kihisi kinachosikia injini ikigonga na kuchelewesha cheche. Boda ya bei nafuu haina. Hupokea kila pigo.

Serikali inalijua hili. Mwaka 2018 iliwekea mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuua faida ya kuchakachua, kama Tanzania ilivyopandisha ushuru wake mwaka 2011. Mzigo uliwaangukia pia wanaopikia mafuta ya taa, ambao hawakuwa na kosa. Wamelipa. Basi walindwe wote waliolipishwa kwa jina la petroli safi, akiwamo aliyenunua Super kwa zaidi ya Sh211 kwa lita mnamo Septemba 2023.

Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA) hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, hadi senti. Iamuru basi kila pampu iandikwe namba ya oktani kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye pikipiki, na anayeuza mafuta ya bei ya juu aonyeshe namba inayompa haki ya bei hiyo. Wakaguzi wake wasiishie Mlolongo na Athi River kwenye barabara kuu, wafike Mwala, Masinga na Yatta, na vituo vitakavyopatikana na mafuta ya taa ndani ya Super vitajwe kwa jina na kufungwa. Viongozi wa steji nao wapige marufuku petroli ya chupa za plastiki kando ya barabara, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Na muuza spea mwenye vichupa vya oktani amwonyeshe mteja, ndani ya kitabu cha pikipiki, ukurasa unaovihitaji. Akiukosa, avitoe rafuni.